Dakika Tatu Mbele ya Mama Mkwe

Wakili yule alikuwa na jina lake la kwenye cheti, lakini watu wa mtaani walikwisha kulisahau. Wao walimwita Soma Tena, na hawakumsingizia. Ukimpelekea karatasi aigonge muhuri, iwe kiapo cha kupotelewa na cheti au mkataba wa kupanga chumba, usidhani utaiweka mezani na kuondoka. Kwanza kitambulisho. Alikitazama kitambulisho, akakutazama wewe, akakirudia kitambulisho, mpaka mtu unaanza kujitilia shaka mwenyewe. Kisha ulitakiwa uisome karatasi yako kwa sauti, juu hadi chini, na tarehe usiiache. Ukimaliza, ukashusha pumzi ukidhani umeponea hapo, aliegemea kiti chake na kusema kwa upole, "Soma tena."

Mkuu wa shule mmoja alisomeshwa mara tatu kwa kuwa aliruka neno "siyo". Alitoka na shati limemganda mgongoni, akawaambia waliokuwa kwenye benchi kwamba hata chuoni hakuwahi kubanwa namna ile. Bwana mwingine aliposoma mara ya pili ndipo alipogundua kwamba karatasi aliyoandikiwa na rafiki yake ilimfanya ajidhamini mwenyewe. Alicheka mpaka machozi, akaichana palepale. Mambo kama hayo yalimpa Soma Tena sifa, na sifa hizo alizipenda, asikudanganye mtu. Kila alipoulizwa kwa nini anasumbua watu hivyo, alijibu kwamba muhuri ni ulimi wa mtu. Ukiugonga, umesema: huyu nilimwona, nilimuuliza, alielewa, alikubali.

Iliporuhusiwa watu kuthibitisha hati zao kwa njia ya mtandao, mtu akiwa kwake na wakili akiwa ofisini, wengine walilegeza kamba. Soma Tena aliikaza. Mteja alionyesha kitambulisho mbele ya kamera, akasoma, akasoma tena, akaulizwa maswali matatu, akasaini huku anaonekana, na mazungumzo yote yakarekodiwa na kuhifadhiwa kwenye kompyuta kwa jina na tarehe. Dakika ishirini na tano kwa uchache.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuumbuka. Na hakuumbuliwa na tapeli wala na hakimu. Aliumbuliwa na mama mkwe wake, ambaye hata hakukusudia.

Ilikuwa Jumanne, asubuhi. Soma Tena alikuwa ameinamia faili, mlango ukafunguliwa, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kandambili za samawati, ya kushoto imeshonwa ukanda wake kwa uzi mweusi. Akasimama haraka mpaka kiti kikagonga ukuta. Kandambili zile alizijua. Angeweza kuzitambua katika rundo la kandambili mia.

Hapa inabidi tuseme ukweli. Kwa miaka kumi na minane ya ndoa, Soma Tena hakuwa amemtazama mama mkwe wake usoni sawasawa. Ndivyo alivyolelewa: mama aliyekuzalia mke humkodolei macho, hubishani naye, hunyooshi miguu mbele yake, na ukikaribishwa chakula kwake sahani moja inakutosha hata kama tumbo linakulaumu. Kila alipokwenda kumsalimu alimchukulia gazeti la siku hiyo, na mama alilipokea kwa mikono miwili, akamshukuru. Walikaa, wakaulizana habari, macho ya mkwe yakiwa sakafuni. Kwa hiyo miguu ya mama aliijua. Uso aliujua kwa kubahatisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kukusumbua kazini kwako."

"Husumbui, mama. Karibu, kaa hapa."

Mama alikaa kwenye ncha ya kiti, kama mtu aliyeambiwa kwamba kiti chenyewe ni cha watu. Sekretari akamletea maji. Hakuyanywa. Alifungua mkoba, akatoa bahasha iliyokunjwa mara mbili.

"Hebu nisomee hii, baba. Miwani nimeisahau nyumbani."

Soma Tena akaisoma kimya. Ilikuwa barua ya wakili wa watu wengine. Ilisema kwamba mteja wao ameinunua nyumba anayoishi mama, ameinunua kihalali kutoka kwa mwakilishi wa mwenye nyumba, ambaye ni mama mwenyewe, na kwamba mama ana siku thelathini za kutoa vitu vyake. Nyuma ya barua palibanwa nakala ya hati ya uwakilishi, ile karatasi ambayo mtu humpa mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Mwakilishi aliyetajwa alikuwa mtoto wa kiume wa mama, yaani shemeji yake Soma Tena. Na chini, pembeni ya sahihi ya mama iliyoyumba, palikuwa na muhuri wa duara, umekaa wima, herufi zote zinasomeka. Soma Tena hakuwahi kugonga muhuri ukaenda upande.

"Juzi walikuja watu wawili na futi ya kupimia," mama akasema. "Wakapima sebule, wakapima jiko, wakapima mpaka choo. Nikawauliza, wanangu, mnapima nini? Wakaniambia, bibi, muulize mwanao. Na mwanangu simu yake haipatikani."

Soma Tena akaigusa ile nakala ya nyuma. "Mama, hii karatasi uliisaini. Siku ile ya kompyuta."

"Ile ya mita ya maji?"

Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni, na wakili aliungoja upite kana kwamba ulikuwa na ruhusa ya kusikilizwa kwanza.

"Haikuwa ya mita ya maji, mama. Ilikuwa ya kumpa shemeji mamlaka juu ya nyumba. Kuisimamia, kuipangisha, na hata kuiuza."

Miguu miwili ya mama ilisogeleana chini ya kiti. Hapo ndipo mwanamume wa kweli angesema: mama, kosa ni langu. Soma Tena hakulisema. Alijisikia akikohoa, akajisikia akisema kwa sauti ileile anayowasemesha wateja wa benchi:

"Kisheria, mama, hati iko sawa. Ilithibitishwa. Maana yake ulisomewa, ukaulizwa, ukakubali."

"Nilikubali?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Mama aliikunja bahasha taratibu, akairudisha mkobani.

"Basi nitakuwa nilikubali," akasema. "Uzee huu, baba. Mtu unasahau hata ulichokisema kwa mdomo wako. Unisamehe kwa kukuingiza kwenye mambo haya."

Akaondoka. Soma Tena alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akakaa. Mama wa watu amevuliwa nyumba, halafu ameomba msamaha. Ameuomba kwake yeye. Masikio yalimwaka moto, akatamani sekretari asiinue kichwa.

Saa sita ilipofika alimwambia sekretari aende akale mapema. Akafunga mlango, akaitafuta rekodi ya siku ile. Orodha ilikuwa ndefu, na mbele ya kila jina paliandikwa muda: dakika ishirini na sita, dakika thelathini na moja, dakika arobaini kasoro moja, hiyo ya mchungaji aliyekuwa akikohoa. Halafu jina la mama mkwe. Dakika tatu na sekunde kumi na moja.

Akaifungua. Mama alikuwa ameketi sebuleni kwake. Nyuma yake, juu ya kabati, magazeti yote ambayo mkwe wake alimpelekea yalipangwa kwa unadhifu na kufungwa kamba, hayana hata mkunjo. Pembeni ulionekana mkono wa shemeji ukiishikilia simu. Na kwenye kijidirisha cha pembeni alijiona yeye mwenyewe. Alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa akiitazama stepla.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti yake.

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Mguu unaendeleaje?"

"Mguu afadhali. Hii karatasi wanataka niisome? Miwani sijui nimeiweka wapi."

"Hapana, mama, usijisumbue kabisa. Weka tu sahihi hapo anapokuonyesha shemeji."

"Haya, baba."

Na kimya kirefu, mama akiandika jina lake pole pole, herufi moja moja, ulimi umetokeza kidogo kwenye pembe ya mdomo. Basi. Hakuna kitambulisho. Hakuna swali la kwanza, wala la pili, wala la tatu. Neno "nakubali" halimo. Neno "naelewa" halimo. Alichokikubali mama siku ile ni salamu na pole ya mguu.

Kilichomkata maini zaidi ni kwamba hakuwa na kisingizio cha kutojua. Karatasi shemeji aliileta asubuhi yake, na Soma Tena aliipitia kama anavyozipitia zote. Ukurasa wa tatu aliliona neno "kuuza". Akampigia shemeji simu. Shemeji akacheka. "Shemeji, hayo si ndiyo maneno ya kila karatasi? Mama anajua yote. Au unataka kumbana mama yangu kama mtuhumiwa?" Na Soma Tena, aliyewahi kumrudisha mkurugenzi wa benki kwa sababu ya nukta, alinywea. Kumwambia mama mkwe aonyeshe kitambulisho! Kumuuliza mama mkwe kama akili zake ni timamu, maana hilo ndilo swali la kwanza! Aliona heri agonge muhuri yaishe. Akaugonga, wima, herufi zote zinasomeka.

Aliirudisha rekodi nyuma, akaisimamisha mwishoni. Mama alikwisha kusaini, ameinua uso, anaitazama kamera, midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayengoja kuulizwa kitu. Soma Tena akamtazama usoni kwa kuwa mama hakuwa na namna ya kumwona akimtazama. Hata hivyo alimtazama kama mwizi.

Kisha akakisogeza kipanya, na mshale ukaenda wenyewe, au yeye alijidai umekwenda wenyewe, ukasimama juu ya neno "Futa". Rekodi ikifutika, ni nani wa kuuliza? Kompyuta hupata hitilafu kila siku. Alibaki hivyo, kidole juu ya kipanya, mpaka aliposikia viatu vya sekretari ngazini. Hakuifuta. Asijipongeze, kwa sababu hakuacha kwa wema. Aliacha kwa woga wa kukutwa.

Jioni alimkuta mkewe kwenye cherehani, sare za shule zimemzunguka, futi imening'inia shingoni. Mkewe alikuwa fundi, na kazi za watu zilimkalia kooni wiki ile. Soma Tena alisimama mlangoni akimumunya maneno, mara mvua, mara joto, mpaka mkewe akauondoa mguu kwenye kanyagio.

"Sema."

Akasema. Mkewe alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Muhuri aligonga nani?" akauliza mwishoni.

"Mimi."

"Ulimsomesha?"

"Hapana."

"Mimi mkeo nilikuja na fomu ya pasipoti, ukanisomesha mara mbili mbele za watu. Ukaniomba kitambulisho. Nikakuuliza, jamani, hunijui? Ukasema, kazini simjui mtu."

"Kwa mama nilishindwa. Nilimwonea haya."

"Ulimwonea haya mama," mkewe akasema, "au ulijionea huruma wewe, usije ukaonekana mkwe asiye na adabu?"

Soma Tena alikosa hata pa kuuweka uso, akauweka kwenye sare.

"Na hata ungemwambia asome..." mkewe akaanza, kisha akajiuma ulimi.

"Ulitaka kusema nini?"

"Hakuna. Hilo si langu kulisema."

Akaishika futi, akaizungusha kidoleni, akaiachia. Kisha akaichukua simu yake mezani, akampigia kaka yake, akasikiliza sauti ya mashine ikimwambia nambari haipatikani, akaiweka kifudifudi. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Mama atakwenda wapi?" akauliza.

"Ipo njia. Nyumba bado haijaandikishwa kwa jina la mnunuzi. Nikiapa kwamba sikumuuliza mama chochote, hati inaanguka, na mauzo yanaanguka nayo. Lakini nikiapa hivyo, muhuri wataninyang'anya. Miaka ishirini na mbili. Nitamwaga unga, na mtaa mzima utajua ni kwa sababu gani."

Alitumaini mkewe atasema pole, au walau atasema wafikirie vizuri. Mkewe aliivuta sare iliyofuata, akaipanga chini ya sindano.

"Cherehani ipo," akasema, na akakanyaga.

Mtu hawezi kushuhudia kiapo chake mwenyewe. Hilo hata watu wa benchi wanalijua. Kwa hiyo Alhamisi Soma Tena alipanda ngazi za ofisi ya binti mmoja wakili, juu ya duka la kutoa nakala. Binti huyo alijifunza kazi kwake kwa miaka miwili. Yeye ndiye aliyemfundisha kushika muhuri, kubana karatasi, kutazama mikono ya mteja anayesaini kama inatetemeka. Siku ya kumuaga alimpa zawadi ya pedi ya wino, akamwambia mbele ya wenzake asithubutu kumwonea mtu aibu kazini. Sasa pedi ile ilikuwa mezani pa binti, na ndiyo iliyokuwa inamngoja.

Mama alikwisha kufika. Mkewe ndiye aliyemleta, akamwacha hapo na kuwahi kazi zake. Binti alikuwa amezungumza na mama peke yake chumba cha pili na kuyaandika maneno yake. Soma Tena alizisalimu kandambili za samawati, akakaa, miguu ameikunja. Kiapo chake mwenyewe alikuja nacho kimepigwa chapa.

Alikisukuma mezani. Binti hakukigusa.

"Kitambulisho, mwalimu."

Alitaka kutabasamu, akakuta binti hatabasamu. Akakitoa. Binti akakitazama kitambulisho, akamtazama yeye, akakirudia kitambulisho. Soma Tena alihisi kwa mara ya kwanza jinsi macho yale yanavyotembea usoni mwa mtu, na akawakumbuka watu wa benchi, mmoja mmoja.

"Akili zako ni timamu leo?"

"Ndiyo."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Unaelewa kitakachokupata kwa karatasi hii?"

"Naelewa."

"Isome. Kwa sauti."

Akaisoma. Kwamba yeye ni wakili na mthibitishaji wa hati. Kwamba tarehe fulani aligonga muhuri kwenye hati ya uwakilishi ya mama mkwe wake. Kwamba hakuomba kitambulisho. Kwamba hakumsomea wala kumsomesha. Kwamba rekodi ya dakika tatu na sekunde kumi na moja imeambatanishwa. Alipofika aya ya saba alianza kukimbia, maneno yakapandiana, akatua kwenye aya ya nane akihema.

Binti alikuwa ameegemea kiti chake.

"Aya ya saba, mwalimu," akasema kwa upole. "Soma tena."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuuma. Soma Tena akairudia, neno kwa neno:

"Kwamba kabla ya kugonga muhuri niliona katika ukurasa wa tatu neno 'kuuza', na nilijua maana yake, na sikumuuliza mama huyu kama analijua."

Kandambili za samawati zilisogea. Kumbe hilo mama hakuwa analijua. Hakuna aliyemwambia. Alidhani mkwe wake hakuiona karatasi, amedanganywa kama alivyodanganywa yeye. Alihema mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyeinua ndoo nzito kuliko alivyodhani. Soma Tena aliendelea mpaka chini, na tarehe hakuiacha. Akasaini. Binti akagonga muhuri wake juu ya sahihi ile.

"Zuio nalipeleka ofisi ya ardhi leo," binti akasema. "Nyumba haitaguswa. Na nakala ya kiapo chako itakwenda kwa chama cha mawakili. Watakuita."

"Najua."

Binti akamgeukia mama. "Sasa wewe, mama. Haya ndiyo maneno uliyoniambia. Utasoma mwenyewe, au tukungoje uvae miwani?"

Chini dukani mashine ya nakala ilikuwa ikinguruma, ikatulia.

"Miwani sina," mama akasema. "Sijawahi kuwa nayo. Kusoma sijui, mwanangu. Jina langu nilifundishwa kulichora, basi. Watoto wangu wanajua. Niliwakataza wasimwambie mkwe wangu, kwa sababu ni mtu wa vitabu."

Soma Tena akayafikiria magazeti. Miaka kumi na minane ya magazeti, yamefungwa kamba.

"Ndiyo maana siku ile niliogopa," mama akaendelea. Hakuwa anamwambia binti tena. "Mwanangu aliniambia, utasomeshwa kwa sauti, huyo hamwachi mtu. Sikulala. Nikasema leo naumbuka mbele ya mkwe. Halafu ukaniambia, mama, usijisumbue. Nikasema, kumbe ameshajua, amenisitiri. Nilikuombea dua siku ile, baba. Nilikuombea siku nyingi."

Bora angemtukana. Soma Tena alikuwa ameyaandaa masikio yake kwa matusi, kwa kilio, hata kwa laana. Kwa dua hakuwa amejiandaa. Alifungua mdomo kusema kwamba hakumsitiri, kwamba alijisitiri mwenyewe, akaufunga.

Binti alishusha macho, akakohoa kidogo. Akasema sheria inaruhusu mama asomewe, na yeye ndiye atakayemsomea na kuandika kwamba amemsomea. Akamsomea taratibu, kwa Kiswahili cha kawaida, akisimama kila aya kumuuliza kama anaelewa. Mama alielewa kila kitu. Alisahihisha hata siku ambayo wale watu walikuja na futi. Binti alipofungua pedi ya wino, mama akauzuia mkono wake.

"Ngoja. Nataka na huyu anisomee."

"Mama, kisheria imetosha."

"Ya sheria imetosha. Hii yangu."

Binti akampa Soma Tena ile karatasi. Akaishika kwa mikono miwili, akaanza kuisoma. Ilikuwa ngeni kinywani mwake, kwa kuwa "mimi" ya karatasi ile haikuwa yeye. Mimi ni mjane. Mimi naishi katika nyumba hiyo tangu niolewe. Mimi niliambiwa ni karatasi ya mita ya maji. Akafika mstari wa tisa.

"Mkwe wangu hakuniuliza kitu. Ningeulizwa, ningesema sielewi."

Akaishia hapo. Akabaki akiyakodolea macho maneno yale, masikio yanamwaka, akingoja mtu yeyote amhurumie na kusema inatosha.

"Hapo sijasikia vizuri," mama akasema. "Umeinama. Soma tena, baba, na unitazame."

Soma Tena akainua kichwa. Mama alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto na macho ya mkewe, yaleyale, wala hayakumkwepa. Akaiweka karatasi mezani, kwa maana mstari ule hakuwa anahitaji tena kuutazama, akamsomea.